Donda la mguu lisilopona kwa mwenye kisukari: funza, ukoma, kifua kikuu au Buruli? Ulinganisho kwa wasomaji wa Goma

Mwenye kisukari akifika katika kituo cha afya hapa Goma na kidonda mguuni, sababu huwa imekwisha kutajwa kabla bendeji haijafunguliwa: ni sukari. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu neva za miguu, hubana mishipa ya damu na kupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na vijidudu, na katika mji uliojengwa juu ya makoro, yaani mawe ya volkano, ya Nyiragongo, mtu asiyehisi nyayo zake anaweza kutoka Birere hadi Kituku na jiwe ndani ya kiatu asijue. Lakini kisukari hakimkingi mtu na ukoma, wala na funza, wala na kifua kikuu. Kinachofanya ni kuyafunika magonjwa hayo, kwa sababu dalili ambazo zingemshtua muuguzi, yaani kidonda kisichouma, kisichopona na kinachorudi palepale, zinakuwa tayari zimepata maelezo.

Hapa chini nalinganisha visababishi vya kuambukiza ambavyo husahauliwa, ili mgonjwa, ndugu zake na muuguzi wa zamu waweze kuchagua: waendelee na bendeji, au waombe kipimo, na kama ni kipimo, kipi kianze. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mkazi wa Goma, funza na ukoma ndivyo vya kutafutwa kwanza, kwa kuwa vinahitaji macho na vidole tu. Kifua kikuu kinafuata, kwa kuwa kipimo chake kipo mjini na dawa zake hutolewa bure. Buruli, ugonjwa wa bakteria unaoanza kama kinundu chini ya ngozi na kufunguka kuwa donda, inategemea mahali mgonjwa alipoishi. Mguu wa fangasi (mycetoma), uvimbe mgumu wa miaka mingi wenye vitundu, huja mwisho.

Kidonda cha kawaida na rula

Kidonda cha kawaida cha kisukari kina mahali pake. Hutokea panapobeba uzito au panaposuguliwa: chini ya kidole gumba, chini ya mafundo ya vidole, kwenye kisigino, au pembeni pale kiatu kinapobana. Huwa cha mviringo, kimezungukwa na sugu ngumu, na hakiumi. Kile kinachotokana na damu kutofika huonekana tofauti: hukaa kwenye ncha za vidole au kisigino, mguu ni wa baridi, mapigo ya damu juu ya wayo hayasikiki, na kama neva bado zinafanya kazi, huuma hasa usiku. Vijidudu vinavyokivamia ni stafilokoki na streptokoki, na katika vidonda vya zamani huongezeka bakteria wa tumboni na wale wanaoishi pasipo hewa. Hao wote hutibiwa kwa antibiotiki zilizozoeleka, mradi kidonda kisafishwe na nyama iliyokufa iondolewe.

Kifaa cha kwanza cha kutofautisha ni rula. Kidonda kilichosafishwa vizuri, kinachofikiwa na damu na kisichokanyagiwa hutarajiwa kupungua eneo lake kwa nusu hivi ndani ya wiki nne. Kisipopungua hivyo, utambuzi wa mwanzo lazima uhojiwe upya. Sharti la kutokanyagia si dogo, na ndilo linalovunjwa kuliko yote: mgonjwa anayebadilishiwa bendeji asubuhi, kisha akarudi kusukuma chukudu au kusimama sokoni Virunga hadi jioni, hajaanza kutibiwa bado, na kutopona kwake si ushahidi wa ugonjwa wa ajabu. Vilevile, kabla ya kuwaza maradhi ya nadra, muuguzi apitishe kichokoo safi cha chuma ndani ya kidonda. Kikigonga mfupa, uwezekano ni mkubwa kwamba mfupa umeoza, na hiyo ni sababu ya kawaida zaidi kuliko zote zitakazotajwa hapa.

Kuna hali ambayo haingoji rula wala ulinganisho wowote. Wekundu unaopanda mguu, homa, harufu ya kuoza, kidole kilichogeuka cheusi, au sukari iliyopanda ghafla pamoja na kichefuchefu: huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Funza na panya

Funza anajulikana na kila mama wa Kivu, na labda kujulikana huko ndiko kunakofanya asahauliwe hospitalini. Si mwenyeji wa bara hili. Inasimuliwa katika historia ya tiba kwamba aliletwa Ambriz, Angola, mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, kisha akasambaa barani pamoja na misafara. Jike huingia ndani ya ngozi na kuvimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi, akiacha kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Hupenda sakafu ya udongo mkavu na vumbi, mahali wanapolala nguruwe na mbwa, na makazi ya waliokimbia vita ambako familia nzima hulala chini.

Ukimweka kando ya kidonda cha kawaida, tofauti ni dhahiri kwa mwenye kutazama. Kidonda cha kisukari mara nyingi ni kimoja au viwili, mahali pa uzito. Vya funza ni vingi, vidogo, vimekusanyika kandokando ya kucha, baina ya vidole na kwenye kisigino, na kucha zenyewe huharibika umbo. Mtu mwenye hisia kamili huwashwa, akamtoa siku ileile. Mwenye ganzi hamsikii, na anaweza kubeba makumi ya funza hadi vidole vioze. Mdudu mwenyewe hufa ndani ya wiki nne hadi sita, lakini tundu analoacha hubaki wazi kwa stafilokoki na kwa pepopunda.

Uchaguzi hapa ni wa njia ya kumtoa. Pini ya nguo au mwiba, hata mikononi mwa mtoto mwenye macho makali, haufai kwa mguu wa mwenye kisukari. Mafuta ya dimetikoni yakidondoshewa juu ya tundu humnyima mdudu pumzi bila kukata ngozi, na yakipatikana ndiyo bora. Yasipopatikana, atolewe kituoni kwa kifaa kilichotakaswa, na kadi ya chanjo ya pepopunda iangaliwe siku hiyo. Mabuu ya nzi ndani ya kidonda kilichoachwa wazi huonekana kwa urahisi, huondolewa, na hayahitaji maelezo marefu.

Panya si kijidudu, ila meno yake hupanda vijidudu. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa vidole na panya usiku bila kuamka, na sioni kwa nini nyumba za Majengo au za Mugunga ziwe na kinga ya pekee. Kidonda kilichotokea usiku mmoja, kwenye ncha ya kidole, chenye kingo zilizotafunwa, ilhali jioni mguu ulikuwa mzima, kiulizwe habari za panya kabla ya kuulizwa habari za viatu.

Ukoma na ganzi ya kisukari

Huu ndio ulinganisho mgumu, kwa sababu vidonda viwili hivi vinaweza kufanana kabisa. Vyote hutokea chini ya wayo, vyote havina maumivu, vyote vina sugu pembeni na damu inayofika vizuri. Katika hali zote mbili kidonda chenyewe kimetokana na kukanyaga bila kuhisi. Kidonda cha wayo cha mwenye ukoma kwa kawaida si bakteria wa ukoma wanaokula nyama, bali ni matokeo ya neva waliyoiua miaka mingi kabla. Ugonjwa huo hukaa kimya kwa wastani wa miaka mitano, na waweza kufikia ishirini au kuzidi, hivyo mtu anaweza kuuchukua utotoni, akapata kisukari ukubwani, na ganzi yake yote ikaandikwa kwa jina la kisukari. Kongo bado ni miongoni mwa nchi zinazoripoti zaidi ya wagonjwa wapya 1,000 wa ukoma kila mwaka. Si historia ya wamisionari.

Basi usikitazame kidonda, mtazame mtu. Ganzi ya kisukari hupanda kwa usawa miguu yote miwili, ikianzia vidoleni kama soksi, na mikono hufuata baadaye sana. Ya ukoma haina usawa: mguu mmoja umekufa na mwingine uko hai, au kiganja upande wa kidole cha mwisho hakihisi ilhali wayo wa upande huo unahisi. Kisukari hufuta mapema mruko wa kifundo pale daktari anapogonga kano ya kisigino. Katika ukoma mruko huo kwa kawaida hubaki, hata wayo ukiwa umekufa ganzi. Ukoma huacha mabaka yaliyopauka au mekundu yasiyohisi pamba, mgongoni, usoni, makalioni, mahali ambapo kisukari hakina shughuli. Na juu ya yote, ukoma hunenepesha neva. Pitisha vidole nyuma ya kiwiko upande wa ndani, nje ya goti chini kidogo, na nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Kamba nene, ngumu au yenye maumivu, hasa ikiwa ya upande mmoja, haielezwi na kisukari.

Uchunguzi huo hauhitaji umeme wala pesa, na kwa hiyo naona ni kosa kuuacha. Kipande cha pamba, macho ya mgonjwa yakiwa yamefumbwa, na shati lililovuliwa: aibu ya kuvua nguo mbele ya muuguzi kijana imeficha mabaka mengi kuliko giza la chumba. Ukoma ukishukiwa, sampuli huchukuliwa kwenye ndewe la sikio na kwenye baka, na si lazima kwenye kidonda.

Matibabu ni rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina, na hutolewa bure. Mwenye kisukari ana mambo mawili ya kumkumbusha daktari. Dapsoni hufupisha maisha ya chembe nyekundu za damu, hivyo kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu hushuka kwa uongo. Mgonjwa anaweza kupongezwa kwa sukari nzuri ilhali ya kila asubuhi iko juu. Pili, neva zikiwaka wakati wa matibabu, dawa yake ni predinisoloni, ambayo hupandisha sukari sana na huweza kudai insulini kwa muda. Hakuna kati ya hayo kinachozuia matibabu, ila yanataka vipimo vya sukari vya mara kwa mara.

Kifua kikuu, Buruli na mguu wa fangasi

Kifua kikuu na Buruli vinaletwa na bakteria wa ukoo mmoja na ukoma, na chini ya hadubini wote huonekana vijiti vyekundu vilevile, kwa hiyo kioo cha maabara peke yake hakitoshi kuamua. Kinachosaidia ni kisa.

Kifua kikuu cha mguu mara nyingi huanzia ndani, katika mfupa au kiungo cha kifundo. Huvimba polepole kwa miezi bila joto kali, kikapasuka na kuacha kitundu kinachotoa usaha mwepesi. Kinaweza pia kuanzia katika tezi au kwenye ngozi yenyewe, kikiacha kidonda chenye kingo laini za rangi ya zambarau. Mgonjwa hukonda, hutoka jasho usiku, au nyumbani kuna aliyekohoa. Kisukari chenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu, kwa hiyo kati ya hivi vitatu ndicho ninachokitanguliza. Picha ya kifua, picha ya mguu, kipimo cha virusi vya UKIMWI na kipande cha nyama kinachopelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta chembe za urithi za bakteria wa kifua kikuu, huenda pamoja. Jibu la hapana kutoka kwenye mashine halifuti shaka ikiwa kisa kinasema ndiyo.

Buruli huanzia nje, chini ya ngozi. Ni kinundu kisichouma, au uvimbe mpana, ambao baada ya wiki kadhaa hufunguka na kuwa donda lenye kingo zilizochimbwa: shimo chini ya ngozi ni kubwa kuliko mlango wake. Sumu ya bakteria huyo huua mafuta na nyama huku ikizima maumivu na kinga, ndiyo maana hakuna homa wala usaha mwingi. Kwa mwenye kisukari, kutouma kwake humpoteza mchunguzi, lakini kuna mahali pa kukamatia: Buruli hupenda muundi, kifundo na juu ya wayo, si chini panapokanyagwa, na ngozi iliyo mbali kidogo na donda mara nyingi bado inahisi pamba vizuri. Donda lisilouma katikati ya ngozi inayohisi si la neva za kisukari.

Jiografia nayo inasema. Buruli ni ugonjwa wa mabonde yenye maji yanayotembea taratibu na vinamasi. Katika nchi yetu eneo lililochunguzwa zaidi ni Songololo na Kimpese, Kongo Central. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, juu ya mawe yasiyoshika maji. Kwa aliyezaliwa na kukaa Katindo, nisingeanza na Buruli. Kwa mwanajeshi, dereva au mchimbaji aliyekaa tambarare zenye misitu na mito, ningeliuliza jambo hilo siku ya kwanza. Jina limetoka eneo la Buruli huko Uganda, na hauambukizwi na mtu kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa chumbani.

Mguu wa fangasi, ambao Sudan wanaufahamu kuliko sisi, huhesabiwa kwa miaka. Wayo huvimba mgumu bila kuuma, hutoboka vitundu vingi, na katika usaha wake hutoka chembe ndogo kama mchanga, nyeusi, nyeupe, njano au nyekundu. Chembe hizo ndizo hukumu. Nyeusi huashiria fangasi, ambaye hutibiwa kwa itrakonazoli kwa muda mrefu pamoja na upasuaji; nyekundu huashiria bakteria, ambao husikia kotrimoksazoli na amikasini. Nyeupe na njano zaweza kuwa upande wowote, hivyo hazitibiwi kwa kubahatisha. Mguu uliovimba, mwekundu na wa moto ndani ya siku chache, usio na tundu lolote, si huu. Mara nyingi ni mifupa ya kisukari inayovunjika kimya, na dawa yake ni gipsi, si antibiotiki.

Kuhusu mpox, ambayo aina yake mpya ilitambuliwa Kamituga katika Kivu Kusini mwaka 2023: hutoa malengelenge hata chini ya nyayo, lakini huja na homa na tezi zilizovimba, na huonekana pia mikononi, usoni au sehemu za siri. Kidonda kimoja cha miezi mitatu si mpox.

Kuchagua sampuli na kuchunga dawa

Usufi, yaani pamba ya kijiti, unaopanguswa juu ya kidonda huokota vijidudu vilivyotua juu yake, na jibu lake limewafanya wengi wabadilishe antibiotiki mara nne bila faida. Maabara ya kawaida hutazama vilivyoota baada ya siku mbili kwa joto la mwili. Bakteria wa Buruli huhitaji joto la chini zaidi, kati ya nyuzi 29 na 33, na wiki nyingi. Wa kifua kikuu nao huhitaji wiki. Wa ukoma haoti kabisa kwenye chombo cha maabara. Karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kilichoota haijafuta hata mmoja wa hao. Kwa Buruli usufi una maana ukipitishwa chini ya ukingo uliochimbwa, kuuzunguka wote, na kupelekwa kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za bakteria. Kwa mengine, ombeni kipande cha nyama kutoka ukingoni na chini ya kidonda.

Rifampisini inahusika katika ukoma, kifua kikuu na Buruli, na hapo ndipo dawa za kisukari zinapogongana nayo. Huharakisha ini kuiondoa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, hivyo sukari hupanda bila mgonjwa kukosea chakula. Katika Buruli hupewa pamoja na klarithromisini kwa wiki nane, na hiyo ya pili yaweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi hadi sukari ishuke kwa hatari. Mgonjwa mmoja yuko kati ya dawa mbili zinazovuta pande tofauti. Kotrimoksazoli nayo huweza kuishusha. Kwa maoni yangu, anayetumia glibenklamidi aulize kwa daktari wake, kabla ya kidonge cha kwanza, kama insulini isingekuwa salama zaidi kwa kipindi hicho. Katika kifua kikuu, isoniazidi huongeza ganzi ya miguu isipoandamana na vitamini B6, na ethambutoli hugusa macho ambayo pengine kisukari kimekwisha kuyadhuru. Kuhusu desturi ya kumwaga unga wa kapsuli ya rifampisini juu ya donda: hautibu hata moja kati ya haya, na humfundisha bakteria kuizoea dawa tunayoihitaji kwa yote matatu.

Mgonjwa akikubali kukatwa kipande, kigawanywe papo hapo. Nusu moja iingie katika fomalini kwa ajili ya hadubini. Nusu nyingine katika maji safi ya chumvi ya hospitali, kwa kuoteshwa na kwa mashine, kwa kuwa kilichoingia fomalini hakiwezi kuota tena. Kwenye karatasi ya kuomba kipimo kuandikwe kwamba mgonjwa ana kisukari, antibiotiki alizokunywa na siku alipoziacha, tarehe kidonda kilipoanza, na mahali pote alipoishi kabla ya Goma.